Maswali ya wasomaji: tembo wamezidi au wamehama? Na mengine ya porini kwetu

Mbukwenyi wasomaji wetu. Safari hii meseji zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyonayo na karibu zote ni za wanyama, nadhani kwa sababu mtama ndo unakomaa na huu ndo wakati ambao kuanzia Manyoni mpaka Kongwa watu wanalala shambani. Mimi nafundisha ikolojia chuoni hapa Dodoma na ninachosoma ni idadi za wanyamapori, yaani wanapanda au wanashuka na sababu ni nini, kwa hiyo mhariri kanirushia zote. Nimechagua zinazogusa watu wengi.

*

*Shikamoo Dokta. Mimi mkulima wa Manyoni, upande wa kuelekea pori la Muhesi. Tembo wamenimalizia mahindi msimu uliopita na huu tena wamerudi. Redioni tunasikia tembo waliuliwa sana na majangili wakaisha, huku sisi kila mwaka tunaona wanaongezeka. Nani mkweli? Na kama wamezidi, mbona hawapunguzwi?*

Marahaba ndugu yangu, na pole sana. Najua mtu akipoteza shamba la mahindi amepoteza chakula cha mwaka na ada za watoto kwa usiku mmoja, kwa hiyo sitakujibu juu juu.

Wote wakweli, wewe na redio. Hilo pori lako la Muhesi pamoja na Kizigo, Rungwa na hifadhi ya Ruaha ni eneo moja kwa tembo, wao mipaka yetu hawaijui. Katika sensa za zamani kidogo, ile ya 2009 ikiwemo, eneo lote hilo lilikuwa na tembo zaidi ya 30,000. Mwaka 2013 ikaja 20,090. Mwaka 2014 ikaja 8,272, watu wakashtuka nchi nzima, ikaamuliwa wahesabiwe upya, na mwaka 2015 ikatoka 15,836. Sasa angalia hapo kwa makini. Tembo jike anabeba mimba miezi 22, anazaa mtoto mmoja, na kati ya mtoto mmoja na mwingine inapita kama miaka minne hivi, kwa hiyo hata mambo yakiwa mazuri kabisa, mvua ipo, jangili hayupo, tembo wanaongezeka kama asilimia 7 kwa mwaka, zaidi ya hapo mwili hauruhusu. Basi 8,272 hawawezi kuzaana wakafika 15,836 ndani ya mwaka mmoja, haiwezekani.

Kwa hiyo kuna kitu kingine. Cha kwanza ni namna tunavyohesabu. Ndege ndogo inapita kwenye mistari iliyonyooka, juu kama mita 100 kutoka ardhini, na pembeni kwenye mabawa kuna fito mbili zinazoonyesha ukanda wa kuhesabia, mtu aliyekaa dirishani anahesabu wale tu walio ndani ya ukanda, halafu tunapiga mahesabu kupata eneo zima, ni kama kuonja kijiko kimoja ujue sufuria nzima ina chumvi kiasi gani. Inafanya kazi vizuri kwa wanyama waliotawanyika. Lakini tembo hawatawanyiki, wanatembea kwa makundi, mstari ukipita juu ya kundi kubwa namba inaruka, ukilikosa namba inaanguka. Ndo maana kila namba ya sensa inakuja na kiwango chake cha makosa ambacho magazeti huwa yanakikata, na kwa tembo hicho kiwango kinaweza kuwa maelfu. Cha pili ni kwamba tembo wanahama. Siku ya sensa wanaweza kuwa nje ya eneo linalohesabiwa, labda wako hukohuko kwenu.

Je hiyo inamaanisha tembo hawakupungua? Hapana, walipungua kweli na sana. Nchi nzima tulitoka kama 109,000 mwaka 2009 tukafika kama 43,000 mwaka 2014. Na namba ya walio hai sio ushahidi pekee, kwenye ndege tunahesabu na mizoga. Ukichukua mizoga ukagawanya kwa jumla ya mizoga na walio hai, ukapata zaidi ya asilimia 8, ujue vifo vinazidi uzazi, na miaka ile mizoga ilikuwa mingi mno. Mwaka mmoja wa sensa usikuendeshe, angalia miaka mingi pamoja na mizoga.

Sasa mbona unawaona zaidi? Tembo akipigwa risasi sehemu fulani, familia yake inaikimbia sehemu hiyo na inakumbuka. Halafu maji, mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi tangu 1993 kwa sababu maji mengi yanatumika juu huko Usangu, na mto ukikatika mnyama anatafuta pengine. Halafu njia, ule ushoroba wa kutoka Muhesi kwenda pori la Swagaswaga umo kwenye orodha ya shoroba za nchi yetu lakini ukipita leo unakuta mashamba na makazi. Tembo mzee jike anayeongoza kundi alijifunza hiyo njia kwa mama yake, hajui kwamba kijiji kimegawa viwanja. Shamba lako linaweza kupata tembo wengi kuliko zamani huku nchi ina tembo wachache kuliko zamani, na hilo ndo jambo ambalo namba ya redioni haikwambii.

Kuhusu kuwapunguza kwa risasi, mimi siungi mkono, na sababu yangu sio huruma peke yake. Wanaoingia shambani mara nyingi ni madume yanayotembea peke yao au wawili watatu, wamejifunza kwamba mahindi ni matamu na yapo sehemu moja. Ukienda kupiga kundi la majike porini ili "kupunguza idadi" umemuua bibi anayejua maji yalipo, kundi linavurugika, na lile dume lako la usiku bado lipo palepale.

Kinachosaidia kwa sasa ni hivi. Kamba za katani zenye vitambaa vilivyochovywa pilipili na oili chafu kuzunguka shamba, zinafanya kazi kama zinapakwa upya kila mvua ikinyesha, watu wakishachoka kupaka tembo wanaingia. Mizinga ya nyuki pia, mtafiti Lucy King alionyesha kule Kenya kwamba tembo wanakimbia hata mlio wa nyuki tu, na baadae mizinga iliyotundikwa kwenye waya kuzunguka mashamba ikawageuza wengi. Manyoni nyie asali ni kazi yenu ya asili kwa hiyo mko mbele ya wengi. Tatizo ni kiangazi kikali nyuki wanahama mizinga inabaki mitupu, inabidi kuwawekea maji. Na kulinda kwa pamoja mashamba yaliyokaribiana, sio kila mtu na kibanda chake mbali.

Kifuta jasho ukidai, wahi kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya kabla hujavuna mabaki, maana wanapima kilichoharibika. Sheria yenyewe haikiiti fidia na mimi naona wazi kabisa kwamba hakitoshi na kinachelewa, wakulima wa pembezoni mwa mapori ndo wanaolipa gharama ya tembo ambao nchi nzima inajivunia. Andika tarehe, saa, walikuwa wangapi, madume au wana watoto, walitokea upande gani. Daftari la hivyo la kijiji kizima kwa misimu kadhaa lina thamani kubwa kwetu watafiti, linaonyesha njia zao vizuri kuliko ndege inayopita mara moja.

*

*Dokta samahani kama nitakukwaza. Nyie watu wa vyuo mnakaa Serengeti miaka thelathini mnahesabu nyumbu walewale. Hizo hela si bora zingenunua magari ya doria? Msomaji, Area C.*

Hujanikwaza, hili swali naulizwa hata na wanafunzi wangu mwenyewe, na nalipenda kwa sababu lina jibu zuri sana.

Waulize wazee wowote wa kifugaji hapa Ugogoni habari za sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe. Ilifika Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe, watu wakafa njaa, na haikuishia kwa ng'ombe, nyati na nyumbu nao walikufa kwa wingi. Miaka ya mwanzo ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Halafu wakaanza kupanda, na wakaendelea kupanda, mpaka mwisho wa miaka ya 1970 wako kama milioni 1.3. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, wengine mvua, wengine doria, wengine kwa vile ni hifadhi.

Anthony Sinclair, aliyekulia hapahapa Tanganyika na baadae akawa profesa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada, alianza kusoma nyati wa Serengeti katikati ya miaka ya 1960. Yeye na wenzake wakaona jambo moja: nyati wanapanda, nyumbu wanapanda, lakini pundamilia wako vilevile, na wote wanakula nyasi zilezile na wananyeshewa mvua ileile na wanalindwa na askari walewale. Tofauti ni nini? Pundamilia ni jamii ya farasi na punda, sotoka haimpati. Na walioongezeka kupona walikuwa ndama wa mwaka wa kwanza, haohao ambao sotoka ilikuwa inawaua. Jibu likawa ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa, ugonjwa ukakatika kwa ng'ombe, ukakatika na porini, na hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Yaani mtu wa mifugo ndo aliyeijenga Serengeti tunayoijua leo. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imetokomezwa kabisa.

Na haikuishia hapo. Nyumbu walipokuwa wengi wakala nyasi, nyasi zikipungua moto wa kiangazi unapungua, moto ukipungua miche ya miti inapona, miti ikaanza kurudi sehemu zilizokuwa wazi kwa miaka mingi. Nani angejua kwamba chanjo ya ng'ombe inaweza kurudisha miti? Hiyo huioni kwa utafiti wa miaka miwili ya masters, unaiona kwa sababu kuna mtu alihesabu kabla, na mwingine akahesabu baada yake kwa njia ileile.

Magari ya doria yanatakiwa sana, sibishi. Lakini nyati wa kaskazini mwa Serengeti waliposhuka vibaya miaka ya 1980, ni kuhesabu eneo kwa eneo ndiko kulikoonyesha kwamba wanashuka upande wenye ujangili na upande mwingine hawashuki hivyo. Gari bila hiyo habari litazunguka popote.

*

*Habari Dr. Mimi nachunga mbuzi huku Chemba karibu na Swagaswaga. Njia ninayopita nimekuta kiboksi kimefungwa kwenye mti usawa wa goti, kina kioo na kitaa. Wenzangu wanasema kinapiga watu picha kinazipeleka kwa askari. Nikitoe?*

Usikitoe mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza kwanza. Hiyo ni kamera ya mtego. Inahisi joto na kitu kinachotembea, inapiga picha na kuandika tarehe na saa, picha zinabaki ndani ya memori kadi mpaka mwenyewe aje kuichukua. Nyingi haziwezi kutuma chochote popote.

Ngoja nikueleze inafanya nini maana ndo kazi ninayoipenda kuliko zote. Chui ni mnyama ambaye unaweza kuishi naye miaka kumi usimuone, kwa ndege huwezi kumhesabu kabisa. Lakini madoa ya chui hayafanani na ya chui mwingine, kama ilivyo kwa twiga, mbwa mwitu na fisi madoadoa. Kwa hiyo tunafunga kamera mbili mbili zikitazamana, kwa sababu ubavu wa kushoto na wa kulia wa chui huyohuyo madoa ni tofauti, ukipata upande mmoja tu unaweza kumhesabu mara mbili. Tuseme mwezi wa kwanza tumepata chui 20 tofauti. Mwezi unaofuata tumepata 15, na kati yao 5 ni walewale wa mwanzo. Yaani katika hao 15 theluthi moja tunawajua, maana yake wale 20 wa mwanzo ni kama theluthi moja ya chui wote, basi wote ni kama 60. Hesabu za siku hizi zimekuwa ndefu zaidi, zinaingiza na umbali kati ya kamera, lakini mzizi wake ndo huo. Ukichukua kamera moja umetoboa hesabu yote, ndo maana nakuomba uiache.

Kuhusu picha za watu, hofu yenu ina msingi. Mtafiti anatakiwa aje kwenye mkutano wa kijiji aseme anafunga nini, wapi, mpaka lini, na picha za watu azifute. Kama hakuja, nendeni kwa mtendaji mkaulize, mna haki hiyo. Na kuna njia nzuri zaidi hata ya hiyo: vijiji vinavyopakana na Ruaha, mradi wa wanyama wala nyama ulioanzishwa mwaka 2009 na Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford uliwapa wanakijiji wenyewe hizo kamera, kila picha ya mnyama inakuwa na pointi, simba, chui na mbwa mwitu wana pointi zaidi, na pointi zinageuka kuwa msaada wa shule, afya na dawa za mifugo. Mfugaji anaanza kuwa na sababu ya kumtaka simba apite salama kwake. Mimi ningependa sana kuona kitu hicho Chemba na Kondoa.

*

*Dokta, mimi niliwahi kufanya kazi kambi ya uwindaji Rungwa. Mzungu mwindaji mtaalamu alikuwa anamwangalia simba pua kwa darubini muda mrefu halafu anasema huyu hapana. Pua ina nini?*

Pua ya simba akiwa mdogo ina rangi ya waridi, anavyokua inaingia madoa meusi kidogo kidogo mpaka inakuwa nyeusi sehemu kubwa. Inasaidia kukisia umri.

Na umri una maana kubwa. Mwaka 2004 Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walitumia kumbukumbu za simba wa Serengeti wanaofuatiliwa mmoja mmoja tangu miaka ya 1960, wakauliza hivi: ukiwinda madume tu, idadi inashuka au haishuki? Jibu lao ni kwamba inategemea umri wa dume. Dume kijana akiuliwa, madume mengine yanakuja kushika kundi na yanaua watoto waliopo ili majike yapate joto tena, kwa hiyo risasi moja inaondoa dume na kizazi kizima. Dume likifika miaka 6 na kuendelea watoto wake wengi wameshakua, likiondoka hasara ni ndogo. Tanzania ikaweka sheria kwamba simba wa kuwindwa asipungue miaka 6. Kwa hiyo huyo mtu wako alikuwa anafanya sahihi, na kuna wengine wasioangalia pua. Swali la kama uwindaji wenyewe uwepo au usiwepo ni refu na watu wazuri wanatofautiana, lakini kama upo, hilo la umri halina mjadala.

*

*Mwanangu Dokta, mimi mzee wa Bahi. Fisi wamekula mbuzi wangu zizini usiku, asubuhi nimekuta wengi wamekufa na hawakuliwa hata. Watu wanasema hao fisi wana wenyewe. Vijana wanataka kuweka sumu kwenye mzoga. Unasemaje?*

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa hasara. Habari za fisi kuwa na wenyewe nimezisikia tangu utoto, lakini fisi ninaowasoma mimi ni wanyama wanaoishi kwa koo, wanaongozwa na majike, jike ni kubwa kuliko dume, na wana akili sana ya kutafuta chakula chepesi.

Sumu nakuomba uwazuie vijana kwa nguvu zako zote. Mzoga wenye sumu wa kwanza kufika mara nyingi sio fisi, ni tumbusi. Wanauona wakiwa juu angani, wanashuka kwa makumi, na wanakufa hapohapo. Tumbusi anataga yai moja, anachukua miaka kadhaa mpaka kuanza kuzaa, kwa hiyo kundi likifa siku moja watoto wenu watakuwa watu wazima kabla halijarudi. Na tumbusi wakiisha, mizoga inakaa muda mrefu na inayobaki kula ni mbwa na fisi haohao. Hapo sijataja mbwa wa nyumbani na watoto wanaochezea kule, na ni kosa kisheria.

Fisi wenyewe sumu haiwamalizi, ukiua watatu nafasi inajazwa na wengine kwa sababu chakula bado kipo. Angalia chakula kiko wapi. Mji huu wa Dodoma umekua kwa kasi tangu serikali ihamie, mabaki ya machinjio na mabucha yanatupwa ovyo pembeni mwa mji, fisi wanafuata huko na wakirudi wanapita kwenye mazizi. Na zizi la miiba mzee, hapo ndo penye siri ya hao mbuzi waliokufa bila kuliwa. Fisi akizunguka, mbuzi wanataharuki wanalazimisha kutoka, wanakanyagana, wengine wanafumua miiba wenyewe wanatokea nje kwenye giza. Zizi la waya wa wavu na nguzo imara, lililochimbiwa chini kidogo asiweze kupenyeza, wenzetu wa vijiji vya Ruaha wamelitumia na mifugo inayouliwa zizini ikapungua sana. Ni gharama, najua, lakini ukigawanya kwa mbuzi uliopoteza usiku mmoja utaona. Kama waya haupatikani basi miiba iwe minene na mlango ndo uufanye imara kuliko yote, maana ndo sehemu dhaifu.

*

*Dokta habari ya kazi. Kongwa huku kwelea kwelea wametuvamia kwenye mtama. Ndege ya serikali imekuja kupiga dawa mwaka jana na mwaka huu wamerudi walewale. Dawa ni feki? Mama wa watoto wanne.*

Salama mama yangu. Dawa sio feki, na hawa wanaweza wasiwe walewale kabisa.

Kwelea ni ndege ambaye hesabu yake inatisha, anasemekana ndiye ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Mmoja anakula kama gramu 10 za punje kwa siku, ni kidogo, lakini kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea sio kundi kubwa, ni tani 10 kwa siku. Mayai yanaanguliwa kwa siku kama kumi tu, wiki chache mbele mtoto anaruka, na jike anaweza kutaga sehemu moja, akafuata mvua akataga tena mbali huko. Ukiua milioni moja Kongwa, wengine wanazaliwa sehemu ambayo hata hujawahi kuisikia. Kwa hiyo kupiga dawa hakupunguzi kwelea wa Afrika, kunaokoa mtama wa eneo lile kwa msimu ule. Ukiitazama hivyo dawa inafanya kazi, ila lazima ipigwe kwenye malalo ya karibu na mashamba na ipigwe kwa wakati, kuanzia mtama ukiwa na maziwa mpaka unapokuwa mgumu. Baada ya hapo haina faida kubwa tena, na dawa hiyo inaua na ndege wengine, bundi, mwewe, wanaokula haohao kwelea, ndo maana mimi sipendi ipigwe ovyo.

Nyie mnachoweza kufanya ni kuyatafuta malalo. Jioni jua likizama angalia wanaelekea wapi, mara nyingi ni kwenye matete ya bwawa au vichaka vya miiba, mkiyajua mpelekeeni taarifa afisa kilimo siku hiyohiyo. Kijiji kikipanda kwa wakati mmoja hasara inagawanyika, anayechelewa peke yake au kuwahi peke yake ndo analiwa lote. Na wenzenu wa Kondoa wanawatega kwa nyavu na mitego kwenye malalo, wanawala na kuwauza, kwelea aliyekaangwa ni kitoweo kizuri chenye protini na hakuna dawa inayomwagika ardhini, mimi natamani kuona hii inafundishwa wilaya zote za kwetu. Lakini kama ndege ya dawa imeshapita, hata kama wako wengi wameanguka chini na wanaonekana wazima, msiwaokote, na watoto muwaambie mapema, kwa sababu watu wanakwenda kuwakusanya asubuhi wakidhani ni neema.

Waliouliza habari za nyoka na nguruwe pori, majibu yenu yapo toleo lijalo.